Msiba Haupimwi kwa Wingi wa Wasemaji

Wacheki walirekodi mateso ya Kristo kwa lugha yao huku polisi wakiwawinda. Ngara ina inanga, ina lugha, na ina simulizi nzito kuliko nyingi duniani. Kilichobaki ni kuirekodi.

Aprili 22, 1978, katika nyumba ya shamba iitwayo Hrádeček, kaskazini mashariki mwa Bohemia, wanamuziki waliokatazwa kupiga hadharani walipanga ala zao mbele ya marafiki wachache. Mwenye nyumba alikuwa mwandishi wa tamthilia, Václav Havel. Bendi yenyewe ilijulikana kwa jina la The Plastic People of the Universe. Walichopiga siku ile hakikuwa mkusanyiko wa nyimbo za kuchezwa. Kilikuwa simulizi moja ndefu ya mateso ya Yesu, ambayo maneno yake yaliandaliwa na mpiga saksofoni wao, Vratislav Brabenec, na iliyopewa jina la Pašijové hry velikonoční, yaani Michezo ya Mateso ya Pasaka.

Kazi ile ni nzito na ya giza. Besi inatembea taratibu kama watu wanaobeba jeneza, saksofoni inapiga kelele za maumivu, na sauti ya mwimbaji inatamka maneno ya Kicheki bila kuyapamba. Msikilizaji asiyejua hata neno moja la lugha hiyo anatambua kwamba kuna mtu anahukumiwa, kuna umati unaopayuka, na kuna kifo kinakuja.

Mkristo wa Mbuba, katika wilaya ya Ngara mkoani Kagera, hahitaji kufundishwa tamthilia hiyo. Kila Ijumaa Kuu, katika parokia za Kikatoliki, masimulizi ya mateso kwa mujibu wa Injili ya Yohane husomwa au kuimbwa kwa kugawana nafasi: yupo msimuliaji, yupo anayesema maneno ya Yesu, na yapo makutano yanayodai asulubiwe. Waumini waliosimama kanisani hugeuka kuwa umati wa Yerusalemu na kutamka maneno yanayowachoma wao wenyewe. Brabenec alichukua kitu hicho hicho, akakitoa kanisani, akakipeleka kwenye magitaa ya umeme.

Nayaandika haya kwa sababu naamini watu wa Ngara na jirani zao wa Biharamulo wanayo mambo matatu yanayohitajika kutengeneza kazi ya aina hiyo na yenye uzito huo: ala, lugha na simulizi. Naamini pia kwamba kuendelea kuiahirisha kazi hiyo ni hasara inayoongezeka kila mzee anapozikwa.

Bendi iliyorudi kwenye lugha yake

The Plastic People ilianza Prague mwaka 1968, muda mfupi baada ya majeshi ya Mkataba wa Warsaw kuingia Czechoslovakia usiku wa kuamkia Agosti 21. Mwanzilishi wake, Milan Hlavsa, alikuwa kijana mdogo aliyependa roki ya Marekani. Kama bendi nyingi za wakati ule, waliimba Kiingereza, na kwa muda walikuwa na mwimbaji kutoka Canada, Paul Wilson, aliyekuwa akiishi Prague kama mwalimu wa lugha hiyo. Mwaka 1970 serikali iliwanyang'anya leseni ya wanamuziki wa kulipwa. Tangu hapo walipiga kwenye harusi za marafiki, kwenye maghala na kwenye nyumba za vijijini, taarifa za maonyesho zikipita kwa mdomo.

Mageuzi yalikuja Brabenec alipojiunga nao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Alisisitiza bendi ipige kazi zake yenyewe, na iimbe Kicheki. Wakachukua mashairi ya Egon Bondy, mshairi ambaye vitabu vyake havikuchapwa na serikali bali vilipita mkono kwa mkono vikiwa vimepigwa taipu. Ghafla watu waliokuwa wakisikia mlio tu walianza kusikia maneno. Dola nayo ikasikia. Machi 1976 polisi waliwakamata, na Septemba mwaka huo mahakama ikawafunga wanne wa kundi hilo na marafiki zake. Kiongozi wao wa kisanii, Ivan Jirous, alipata miezi 18. Brabenec alipata minane.

Kesi hiyo iliwakusanya wasomi, wachungaji na waandishi ambao awali hawakuwa na habari na roki. Januari 1977 walitoa tamko la haki za binadamu lililoitwa Charta 77, na Havel alikuwa mmoja wa wasemaji wake wa kwanza. Ndiyo maana mwaka uliofuata mlango wa Hrádeček ulikuwa wazi kwa bendi hiyo. Kanda ya Michezo ya Mateso ilivushwa mpaka kwa siri, na Wilson, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kufukuzwa nchini, akaitoa kama santuri huko Canada mwaka 1980. Desemba 29, 1989, mwenye nyumba ya Hrádeček aliapishwa kuwa Rais wa Czechoslovakia.

Sisemi kwamba wimbo uliangusha serikali. Nasema kwamba bendi ilipoacha lugha ya kuazima na kuingia kwenye lugha ya nyumbani, ilianza kuhusika na maisha ya watu waliokuwa wakiisikiliza, na kuhusika huko ndiko kulikowatisha watawala.

Kicheki chenyewe kiliwahi kuonekana si lugha ya mambo makubwa. Baada ya Wacheki kushindwa vita ya Mlima Mweupe mwaka 1620, Kijerumani kilipanda taratibu kuwa lugha ya ofisi, shule na watu wenye hadhi, na Kicheki kikashuka kuwa cha mashambani na jikoni. Katika karne ya 19 wapenzi wa lugha hiyo hawakuishia kuitetea kwa hotuba. Walichangishana fedha, matajiri kwa maskini, wakajenga Jumba la Taifa la Maigizo jijini Prague ili Kicheki kiwe na jukwaa lake. Lilifunguliwa mwaka 1881, likaungua miezi michache baadaye, wakachangishana tena, na mwaka 1883 likafunguliwa upya. Hadi leo wasemaji wa Kicheki ni kama milioni kumi tu. Heshima ya lugha yao ilitokana na mizigo mizito waliyokubali kuibebesha.

Giza linalonong'onwa

Sasa turudi nyumbani. Ukanda wote wa kutoka Burundi na Rwanda, kupitia Ngara na Karagwe, hadi pwani ya Ziwa Victoria, una ala moja inayofanana: inanga, ambayo Wahaya huiita enanga. Ni ubao uliochongwa bonde katikati, na juu yake hupitishwa uzi mmoja mrefu unaokwenda na kurudi kwenye meno ya ncha zake hadi kupata nyuzi saba au nane. Zamani uzi huo ulitokana na mishipa ya ng'ombe. Mpigaji huketi na kuupiga kwa vidole vya mikono yote miwili. Mlio wake ni wa chini, wa kuzama, na hausikiki mbali.

Katika upande wa Burundi, ambako lugha na mila zimeshikana na za Wahangaza wa Bugufi, wilayani Ngara, mafundi wa inanga wana namna ya kuimba inayowashangaza wataalamu wa muziki duniani: wananong'ona. Hawatoi sauti kamili kooni. Mtafiti wa muziki Cornelia Fales aliichunguza sanaa hiyo akaeleza jambo la ajabu kuhusu sikio la binadamu. Mnong'ono hauna tuni. Ni mvumo wa pumzi tu. Lakini msikilizaji anaposikia mnong'ono na nyuzi kwa pamoja, ubongo wake huuvika mnong'ono ule tuni ya nyuzi, naye akaapa kwamba amemsikia mtu akiimba.

Sanaa hiyo inakaa vyema kwenye lugha zenye toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana. Kirundi ni lugha ya namna hiyo, na Kihangaza ni ndugu yake wa karibu. Nyuzi za inanga hufuata miinuko ya maneno, kwa hiyo ala yenyewe hushiriki kutamka. Ukiuhamishia wimbo kama huo kwenye Kiswahili, ambacho hakitofautishi maneno kwa toni, unapata hadithi ile ile lakini umeikata ala ulimi. Hili halikipunguzii Kiswahili heshima yake. Linatuambia tu kwamba kuna kazi ambayo lugha za Ngara zinaweza kuifanya na lugha nyingine haiwezi.

Wapenzi wa roki ya giza hutafuta uzito kwa kuongeza nguvu za umeme. Inanga inaupata kwa kupunguza sauti hadi msikilizaji ainame mbele. Kijana anayejifunza kinanda au gitaa la besi, akizikutanisha njia hizo mbili, atakuwa na kitu ambacho Prague hawana.

Tendi ambazo wataalamu walizikana

Kuna anayeweza kusema kwamba Waafrika wana nyimbo fupi za ngoma, na kwamba kazi ndefu yenye wahusika, vita, usaliti na kifo ni jambo la Wagiriki na Wazungu. Hoja hiyo iliwahi kutolewa na wasomi. Mwaka 1970 Ruth Finnegan, katika kitabu chake kikubwa kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, alitilia shaka kuwapo kwa utendi kama utanzu wa kawaida katika bara hili.

Jibu moja lenye nguvu lilitoka Kagera. Profesa Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikwenda kwa manju wa enanga wa Buhaya, akawarekodi na kuwachambua. Mwaka 1983 alichapisha makala iliyouliza kama manju hao ni watunzi wa tendi, akathibitisha kwamba ndivyo walivyo. Mwaka 1986 akakamilisha tasnifu nzima kuhusu jambo hilo. Alionyesha kwamba manju mmoja, kwa enanga moja, hubeba jukwaa zima: husimulia, huigiza sauti za wafalme na wanawake, hugeuza mapigo ya nyuzi hali inapobadilika, na hadhira humjibu. Miongoni mwa tendi hizo umo wa Mugasha, mungu wa ziwa na tufani, na wa Rukiza. Hizi si hadithi za kubembelezea watoto. Humo mna watawala wanaokosea, koo zinazolipizana kisasi, na mashujaa wanaoijua ajali yao na bado wanaiendea.

Mulokozi aliwakuta manju wa Buhaya kwa wakati. Majirani wao wa kusini, Wahangaza na Washubi wa Ngara, Wasubi na Wazinza wa Biharamulo, hawajapata mtafiti na mrekodi wa kiwango hicho. Ala ni ile ile na ukanda ni ule ule. Kilichopungua ni mtu wa kuketi na wazee, awashe mashine na anyamaze.

Simulizi iliyovuka Rusumo

Kuhusu simulizi yenyewe, Ngara haina haja ya kubuni chochote. Aprili 28 na 29, 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakitoka Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari, na kuingia wilayani humo. Chini ya daraja, mto Kagera ulikuwa ukishuka na maiti. Benaco, mahali palipokuwa kituo cha kampuni ya barabara, pakageuka kwa siku chache kuwa mojawapo ya makazi makubwa ya watu nchini Tanzania, kwa mahema na moshi wa kuni. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao. Wale wa Burundi waliendelea kukaa kambi ya Lukole hadi ilipofungwa mwaka 2008.

Dunia iliyaandika hayo kwa Kiingereza na Kifaransa: ripoti za mashirika, picha za magazeti, takwimu za mahindi na maharage yaliyogawiwa. Simulizi ya wenyeji imeandikwa kidogo mno. Wao ndio walioona miti ya vilima vyao ikiisha kwa kuni katika misimu michache. Ndio waliowaelewa wageni bila mkalimani, kwa kuwa Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda husikilizana. Hili la mwisho ni zito kuliko linavyoonekana. Mfanyakazi wa shirika la misaada alisikia kilio. Mwenyeji wa Ngara alisikia kilichokuwa kikisemwa ndani ya kilio, jina kwa jina, na pengine alitambua kwamba katika umati ule wamo waliokimbia kuuawa pamoja na walioua. Mtu aliyesikia hayo katika lugha aliyonyonyeshwa hawezi kuyasimulia yote kwa lugha ya ripoti.

Hiyo ndiyo Michezo ya Mateso ya Ngara. Ina daraja, ina mto, ina umati, ina Pilato zake waliotazama pembeni, ina Simoni wa Kirene zake waliobeba mzigo usio wao. Anayetaka kuitunga hahitaji kuikuza. Anahitaji uaminifu na subira, kwa sababu majeraha ya watu bado yapo hai, na wimbo unaoyagusa kwa pupa unaweza kuumiza badala ya kuponya. Kwa hiyo kazi kama hiyo ianze kwa kusikiliza, na wahusika wakubali kabla ya kipaza sauti kuwashwa.

Walioonyesha njia

Tanzania si ngeni kwa muziki wa namna hii. Katika miaka ya 1970 bendi ya Sunburst ya Dar es Salaam ilipiga roki ya magitaa makali ikiimba Kiswahili na Kiingereza, na albamu yake, Ave Africa, ilitoka mwaka 1976. Kazi zao zilisahaulika hapa nyumbani kwa takriban miaka 40, hadi kampuni ya Strut ya Ulaya ilipozikusanya na kuzitoa upya mwaka 2016.

Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu nchini Kongo aliyefanya maisha yake Tanzania, aliwafanya watu wacheze huku wakikitafakari kifo. Mwaka 1989 albamu yake Songs for the Poor Man ilitolewa na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Huyu Gabriel ndiye aliyekuwa mwimbaji wa Genesis, bendi ya Uingereza iliyokuwa miongoni mwa vinara wa roki ya progresivu ya kuigiza: alipanda jukwaani na vinyago, na mwaka 1974 bendi hiyo ilitoa albamu ya santuri mbili, The Lamb Lies Down on Broadway, iliyosimulia hadithi moja mwanzo hadi mwisho. Mtu aliyetoka kwenye tamthilia hiyo ya roki alipotafuta sauti zenye uzito wake, mojawapo aliikuta Dar es Salaam.

Na kutoka Kagera yenyewe yupo Saida Karoli. Mwaka 2001 aliimba "Maria Salome" kwa Kihaya, na nchi nzima ikaimba naye, kutoka Mtwara hadi Musoma, wengi wao bila kuelewa mistari yake. Miaka 15 baadaye Diamond Platnumz na Rayvanny waliutumia msingi wa wimbo huo kutengeneza "Salome", ukavuka mipaka ya Afrika. Saida alijibu kwa vitendo swali ambalo watayarishaji wa muziki bado huuliza: nani atasikiliza lugha ya wilaya moja?

Tulijibu pia kwa hesabu. Sensa ya mwaka 2012 iliihesabia Ngara watu zaidi ya 320,000. Lakini wimbo wa Kihangaza hauishii kwenye mpaka wa wilaya. Unaeleweka Muyinga upande wa Burundi, Kirehe upande wa Rwanda, na kwa Waha wa Kakonko na Kibondo. Mwimbaji wa Mbuba anayejiona ana hadhira ya kata moja, kwa kweli ameketi katikati ya mamilioni wanaomsikia. Kwa kipimo hicho, hadhira yake inashinda ya Brabenec.

Cha kufanya sasa

Kwanza, warekodiwe wapiga inanga waliopo, kwa ubora wa sauti unaostahili, wakiachwa wafike mwisho wa wimbo. Kukata utendi uingie dakika nne za redio ni kuutoa roho. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo mizito ya wakati ule akirekodi muziki wa makabila yetu, na hazina yake sasa ipo Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Leo simu ya mkononi yenye kipaza sauti kizuri cha nje inatosha kuanza, na nakala ya kwanza inaweza kubaki hapa hapa, kwenye maktaba ya shule na ya parokia.

Pili, Ngara inayo redio. Radio Kwizera ilianzishwa mwaka 1995 na Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, katikati ya msiba wenyewe, ili watu waliopoteana wapate habari. Kituo kilichozaliwa kwa sababu hiyo kina haki ya kipekee ya kulea kazi itakayosimulia miaka ile.

Tatu, walimu wa kwaya na vijana wa bendi wathubutu urefu. Kwaya zetu zina nidhamu ya sauti nne, zina wapiga vinanda, na zimezoea kuigiza mateso kila Kwaresima. Kutoka hapo hadi albamu moja yenye simulizi moja, ikianza na mnong'ono wa inanga na kuishia na kishindo cha ngoma, si safari ndefu. Kitakachogharimu ni ujasiri wa kukubali kwamba muziki unaweza kuomboleza muda wote bila kumwomba radhi msikilizaji, na kwamba hadhira ya Kagera ni ya watu wazima wanaouweza ukweli.

Wacheki hawakungoja serikali iwape ruhusa, wala hawakungoja lugha yao iwe kubwa. Watu wa Ngara wana uhuru ambao bendi ya Hrádeček haikuwa nao: hakuna atakayefungwa kwa kuimba Kihangaza. Waliovuka Rusumo wakiwa watoto wa miaka kumi sasa wamepita arobaini, na wenyeji waliowapokea wakiwa watu wazima ni wazee. Mtunzi anayeyasoma haya awafuate wiki hii, awaulize, kisha aanze kutunga wakiwa bado wapo wa kumsahihisha.